Salamu ya Mkono Mmoja

Ukitaka kuchelewa shughuli yoyote hapa Nyakitonto, fuatana na wifi yangu Ndayikeza. Nimechelewa naye misibani, nimechelewa naye harusini, na Jumapili moja tulifika kanisani watu wanatoka. Padri alitutazama, akacheka, akatuuliza leo tumesalimia wangapi. Si kwamba wifi ana miguu mizito. Ana salamu ndefu.

Sisi Waha salamu kwetu ni kazi, usione hivi. Mtu hapungi mkono akapita zake. Unasimama, unakunja magoti kidogo, unapiga makofi taratibu kwa mikono yote miwili, unasema mwakeye kama ni asubuhi au mwidiwe kama jua limeshapinduka, ndipo unauliza ya nyumbani. Kila mtu hapa anajua hivyo, lakini wifi yangu alikuwa hamalizi. Ataulizia baba, ataulizia mama, watoto kwa majina yao, mjukuu aliyesafiri kama amefika, na yule mbuzi aliyevunjika mguu anaendeleaje. Na jibu alikuwa analisikiliza, hilo ndilo lililonishangaza miaka yote. Mimi Esteri nikiuliza habari za watoto huwa nauliza tu ili mdomo upate la kusema. Yeye kesho yake anakukumbusha ulichomjibu.

Ni mke wa marehemu kaka yangu. Tumeishi ua mmoja tangu sote wasichana, tukitaniana bila kuchoka: mimi namwita mchoyo, yeye ananiita mdomo wa moto. Uchoyo wenyewe namsingizia tu. Mdomo wa moto ni kweli, sikatai. Kaka alipofariki alimwachia shamba la migomba na kitinda mimba wao Marselino, ambaye sasa ni fundi ujenzi Kibondo. Wenzake wote aliocheza nao walishaoa, yeye anajenga nyumba za watu. Wifi alikuwa ameshapita sabini, na kila akipiga magoti jioni nilikuwa namsikia kupitia ukutani anamwombea Marselino mke. Hakuomba kingine. Hata mvua alikuwa ananiachia mimi niiombe.

Sasa kuhusu afya yake. Nesi Zaitun wa kituo chetu cha afya alimpima zamani akamkuta na presha. Akampa vidonge, akamwambia ni vya kila siku, aumwe asiumwe, na apunguze chumvi. Chumvi hakupunguza. Mtu aliyekulia kwenye dagaa wa Kigoma utamwambia nini? Vidonge alimeza mwanzo, akajiona mzima, akasema dawa ni za mgonjwa. Lakini hakuvitupa. Wifi yangu ana ugonjwa mbaya kuliko presha, nao ni huruma. Alivifunga kwenye pindo la kitenge, na kwa kuwa salamu zake zilifika mpaka ndani ya mifupa ya mtu, kila aliyemjibu kwamba kichwa kinamsumbua alifunguliwa pindo akapewa kimoja. Nusu ya kijiji ilimeza presha ya Ndayikeza. Mungu tu ndiye aliyetuepusha na misiba.

Mwaka jana mambo yakaanza kubadilika. Alitia chumvi maharage, akatoka nje, akarudi akatia tena. Alikwenda mtoni akarudi bila ndoo. Siku moja aliniuliza kaka yako mbona hajarudi, na nilipomkodolea macho akacheka, akasema nakutania. Majirani wakasema uzee. Hapa kwetu uzee unabebeshwa kila mzigo, maskini, wala hauwezi kujitetea. Mimi sikuridhika, nikamwambia twende tukapime, akanijibu kwamba mwenye kupimwa ni gunia la mahindi.

Ndipo Marselino akaleta habari. Amepata mchumba, anaitwa Butoyi, mdogo kati ya mabinti pacha wa mzee Mpawenimana wa Munanila, kule juu mpakani kwenye kahawa. Posa imepokelewa. Kilichobaki ni wakwe kushuka kuja kuiona nyumba atakayoingia binti yao, wanywe, warudi, itajwe siku. Wifi alipoambiwa alikaa chini palepale jikoni akalia. Alijifunza majina ya nyumba nzima ya Mpawenimana kabla hajauliza binti mwenyewe ni mweusi au maji ya kunde.

Wakwe walikuja watatu, mzee Mpawenimana na ndugu zake wawili. Mtungi wa pombe ya ndizi upo katikati, mirija imechomekwa, mimi nimefunga kitenge kipya, Marselino amekaa kama kiti cha kuazima. Akatoka wifi kuwapokea. Asubuhi ile nilishamwona ameangusha bakuli, na nilidhani ni wasiwasi wa ugeni.

Akasimama mbele ya wakwe zake, akainua mkono wa kulia peke yake, akaupunga hewani kama anayefukuza kuku kwenye mahindi. Wa kushoto ulining'inia. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja. Hakumuuliza mtu yeyote habari ya mtu yeyote. Akageuka, akaingia ndani.

Jiweke mahali pa mzee yule. Umetoka Munanila, umevaa koti lako la sherehe, mama mkwe wa binti yako anakusalimia kwa mkono mmoja na kukubinulia mdomo. Hapa kwetu hata mtoto mdogo akibinuliwa mdomo anajua amedharauliwa. Mzee Mpawenimana hakugombana. Aliutazama mrija mbele yake, hakuugusa, akasimama, na wenzake wakasimama. Walipanda njia ile bila kugeuka. Pombe ilibaki imejaa na povu lake, na mkwe akiacha pombe imejaa hakuna haja ya kutafsiriwa.

Marselino alimfuata mama yake ndani kwa hasira. Mimi nilitangulia. Tukamkuta ameketi kitandani anaushika mkono wa kushoto kwa wa kulia, anautazama kama mzigo wa mtu mwingine. Nikamuuliza wifi una nini. Alinijibu, lakini maneno yalitoka yamelowana, hayana mifupa. Hasira ya Marselino ilikatika palepale. Tuliita bodaboda, nikamkalisha katikati yangu na dereva, nikamfunga kwa kitenge kiunoni mwangu, tukaenda.

Nesi Zaitun alimpima mara ya kwanza, akaitazama mashine, akampima tena. Akatuambia ni kiharusi na kwamba tumefanya vema kutokusubiri kesho. Akaandika rufaa, tukapelekwa hospitali Kasulu mjini, wifi akalazwa. Huko walitueleza kwamba hiki hakikuwa cha kwanza. Vilishampitia vidogo vidogo, visivyoangusha mtu, kila kimoja kikachukua kitu chake. Chumvi ya mara mbili, ndoo ya mtoni, swali la kaka. Nilikaa kwenye benchi la wodi nikalia kwa hasira kabla ya huzuni. Yaani ugonjwa ulikuwa unaingia na kutoka kama mwenye nyumba, na sisi tunasema uzee.

Aliporudi nyumbani alikuwa anakokota mguu kidogo, maneno yamenyooka, mkono unainuka mpaka kwenye tumbo na hauendi zaidi. Kumbukumbu ndiyo haikurudi yote. Ya zamani anayo, anaweza kukwambia nguo niliyovaa siku anaolewa. Ya leo asubuhi inamponyoka. Vidonge nilivitunza mimi, nampa kila siku baada ya uji na kumwambia afungue kinywa nihakikishe. Alinung'unika kwamba namfanya ndama. Nikamwambia ndama hagawi dawa barabarani.

Tatizo likabaki Munanila. Mzee Mpawenimana alimtumia Marselino ujumbe kwa simu kwamba binti yake hatapelekwa kwenye nyumba inayomwona uchafu. Nikasema ni rahisi, tukawaambie ukweli. Marselino akainamisha kichwa. Akanieleza jambo ambalo kwa haraka zangu sikuwa nimelifikiria, kwamba watu wetu kabla ya kuozesha huchunguza ukoo: kuna kifafa, kuna wazimu, kuna ukoma? Tukisema mama amepata ugonjwa wa kichwa na anasahau, watasikia wazimu. Leo wamekasirika, na hasira hupoa. Wakishasikia wazimu hawatarudi tena. Yeye aliona bora apeleke mbuzi, aombe radhi, aseme siku ile mama aliamka vibaya.

Nikamwambia basi mama yako, aliyesalimia watu maisha yake yote mpaka tukakosa misa, aandikwe Munanila kuwa mwanamke asiye na adabu ili wewe uoe. Akasema shangazi, unataka nifanye nini. Kusema kweli sikujua. Nilikuwa nimewaka tu. Nilimpenda kijana na nilimpenda mama yake, na dawa ya huyu ilikuwa sumu ya yule.

Wifi alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage kwa mkono mmoja. Tulidhani hasikii.

"Nitakwenda mimi," alisema. "Waliyemwona ni mimi."

Marselino alikataa. Mimi pia nilikataa, maana nilimwona anavyopotelewa na maneno katikati ya njia. Akatusikiliza mpaka tukanyamaza, akaendelea na maharage yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, alisema baadaye tukiwa wawili, na hata akifa hataki kufa mkorofi. Nilimjua. Nikaanza kutafuta nauli.

Siku zilizofuata nilimfundisha majina upya, kila asubuhi mafigani. Mzee Mpawenimana. Mkewe Mama Bukuru. Bukuru na Butoyi, mapacha. Bibi mzaa baba, bado hai. Jikoni aliyataja yote bila kukwama, akanitazama kwa maringo kama mtoto aliyemaliza mtihani. Alinipa sharti moja tu, kwamba tukifika nisimnong'onezee. Salamu ya kunong'onezewa, alisema, ni ya kasuku.

Munanila kuna baridi hata jua likiwa kichwani. Tuliteremka gari, tukapanda taratibu mpaka kwa mzee Mpawenimana, wifi ameshika bega langu. Walikuwa nje wanaanika kahawa. Mzee alituona, akaacha alichokuwa anafanya, akasimama. Hakuita mkeka. Mkewe alitokea mlangoni nyuma yake, mwanamke mnene mwenye uso mpole, akabaki hapo hapo.

Wifi aliniachia bega. Akakunja magoti, na nilidhani ataanguka, lakini hakuanguka. Mkono wa kushoto aliukusanya tumboni, akaupiga kwa wa kulia taratibu, mara tatu nne. Makofi hayakutoa sauti. Akasema mwakeye. Akauliza ya mzee mwenyewe, akauliza bibi mzaa baba kama amelala vizuri na baridi hii, akauliza Bukuru, akauliza Butoyi. Nilikuwa nahesabu moyoni kama mwalimu. Kisha akamgeukia mama aliyesimama mlangoni, akafungua kinywa, na jina likawa halipo.

Nililiona linavyomkimbia. Macho yake yalilitafuta kwenye uso wa yule mama, yakalitafuta chini kwenye kahawa, hayakuliona. Ulimi wangu uliwasha. Nilijiuma mpaka nikasikia chumvi. Kuku walipita kati yetu.

"Jina lako lilikuwa nami asubuhi hii," wifi alimwambia. "Limenitoka, kama mkono ulivyonitoka siku ile walipokuja kwangu. Nimeugua, mkwe wangu. Nimekuja mwenyewe muone ni ugonjwa, msije mkadhani ni dharau."

Mzee Mpawenimana aliuliza ni ugonjwa gani huo unaochagua mkono wa kusalimia wakwe na mdomo wa kubinulia. Aliuliza kwa ukali. Hapo nikashindwa. Hasira hasara, najua, lakini nami nina kikomo changu. Nilimwambia aingie ndani alete mrija wa pombe, auangalie. Machicha yakiziba mrija, hata ukifyonza namna gani, kitu hakipandi. Ndani ya kichwa kuna mishipa myembamba kuliko huo, presha ikiiharibu inaziba, na sehemu iliyokuwa inanyweshwa inakauka. Ikikauka sehemu ya mkono, mkono unalala. Ikikauka sehemu ya majina, majina yanakwenda. Wazimu uko wapi hapo?

Aliponijibu ukali ulikuwa umepungua, imebaki hofu ya baba. Akauliza, na watoto atakaowazaa Butoyi? Swali lile lilikuwa la haki, nami sikulipaka mafuta. Nilimwambia presha inaweza kutembea kwenye ukoo, na inatembea pia kwenye sahani ya chumvi, na dawa yake ipo ukiimeza badala ya kuigawa. Nikamuuliza yeye amepimwa lini. Akasema yeye haumwi. Nikamwambia huyu hapa pia alikuwa haumwi.

Mama mlangoni ndiye aliyesogea. Alimpita mumewe, akaja mpaka mbele ya wifi, na nikaona analia.

"Mama yangu alikuwa hivi," alisema. "Tulisema ni uzee. Wageni wakija tulikuwa tunamfungia chumbani asituaibishe, na alikuwa anatuita humo ndani mpaka wanaondoka." Akamshika wifi mkono ule uliolala. "Naitwa Mama Bukuru. Nitakwambia kila ukija."

Alileta mkeka mwenyewe. Alileta juisi ya ndizi isiyochachuka, maana nilimwambia pombe amekatazwa, akachomeka mirija, akakaa kando ya wifi wakanywa pamoja. Upande mmoja wa mdomo bado hauna nguvu, juisi ikamchuruzika wifi kidevuni mbele ya mkwe wake mwanaume, na nilitaka ardhi ipasuke. Mama Bukuru aliinua pindo la kitenge chake akamfuta kidevu, kama vile wameolewa nyumba moja, na wakaendelea kunywa.

Mzee Mpawenimana alirudi kwenye kahawa yake, akaigeuza geuza, akarudi tena. Akasema Butoyi atakwenda Nyakitonto mahindi yakishavunwa, na kwamba kabla ya hapo na yeye atashuka kituoni wakampime, ila nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu. Nimewaambia nyinyi tu.

Tulipotoka, wifi alisalimia watu wote wa njia ile kuagana nao, ingawa hakumjua hata mmoja. Tukakaa barabarani kusubiri gari, nimemfunika khanga yangu kwa sababu ya baridi. Moyo wangu ulikuwa umejaa. Nilikuwa napanga nani atapika, nani ataazima sufuria, nitakavyomsimulia Marselino mpaka na kuku waliopita. Wifi alikuwa ametulia anatazama milima ya Burundi. Akanigeukia.

"Wifi, huku tumefuata nini?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, sikuona utani.

Nikamwambia tumetoka kwa wakwe zako, Munanila, umekwenda mwenyewe, umewasalimia, na Marselino amepata mke. Weee, ungemwona. Alijishika kifua, akacheka, machozi yakamtoka, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mwenye bodaboda aliyekuwa anapita akatugeukia. Akaniuliza anaitwa nani binti, ni wa nani, mama yake ni mtu wa namna gani. Nikamweleza yote. Akasema miaka yote hii ameomba hilo.

Gari lilichelewa. Jua lilipoanza kuteremka akanigusa tena mkono, akaniuliza huku tumefuata nini. Nikasogea karibu, nikamwambia Marselino amepata mke. Akafurahi tena, vilevile, kama ndiyo kwanza anasikia.